Maua ya Uani Yanapovamia Msitu na Afya Yetu

Jioni moja ya masika, miaka kadhaa iliyopita, waliletwa hospitalini kwetu watoto watatu wa nyumba moja. Wote walikuwa wakitapika na kuharisha, macho yamezama, midomo imekauka. Kwa majira yale fikra za kila mtu wodini zilikwenda moja kwa moja kwenye kipindupindu. Watoto wakatengwa, wakawekewa dripu, na watu wa nyumbani wakaanza kuulizwa juu ya kisima na choo chao.

Asubuhi yake alifika bibi yao. Katika pindo la kanga yake alikuwa amefunga kokwa mbili nyeusi alizoziokota chini ya ua wa nyumba, mahali watoto walipokuwa wakicheza. Zilikuwa mbegu za mbono. Mmoja wa watoto, alipoulizwa taratibu, akasema: "Tulikula karanga za uani."

Namshukuru Mungu, wote watatu walipona. Lakini usiku mzima tuliupoteza tukitafuta ugonjwa usiokuwepo, na sababu ilikuwa imesimama hatua kumi tu kutoka mlangoni kwao, ikiwa na majani mabichi ya kupendeza. Tangu siku hiyo, kila ninapopita kwenye nyumba za watu, hutazama kwanza kilichopandwa uani.

Mwezi huu basi tuzungumze juu ya vichaka vya mapambo na vya ua: vilitoka wapi, vinafanya nini katika misitu ya Unguja, na vinaigusaje afya ya watu na mifugo. Mtu anaweza kuuliza, muuguzi na msitu wapi na wapi? Subira kidogo, tutafika.

WAGENI KATIKA BUSTANI

Kisiwa chetu kimepokea mimea migeni tangu zamani. Mkarafuu uliotupa jina duniani asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwembe ulitoka upande wa Bara Hindi. Mpapai, mpera na mstafeli ilivuka bahari kutoka Amerika. Mshelisheli unabeba jina la Visiwa vya Shelisheli hadi leo. Kwa hiyo ugeni peke yake si kosa. Mimea mingi migeni imetulisha na kutusomeshea watoto.

Wapo pia walioleta mimea kwa ajili ya uzuri wake. Dokta John Kirk, tabibu na balozi wa Uingereza hapa Unguja katika karne ya 19, alipenda sana mimea na alikuwa na bustani nyumbani kwake Mbweni. Mjini tunayo Bustani ya Victoria kule Vuga, ambako miti ya nchi nyingi imesimama pamoja. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu kikubwa juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Leo hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini nazo zinapanda maua ya kila nchi, na watu wa Mji Mkongwe wenye nyua ndogo huyapanda kwenye vyungu na madebe barazani.

Mingi ya mimea hiyo hukaa pale ilipopandwa. Michache haikai. Huruka ua, huingia njiani, kisha shambani, mwisho msituni. Hiyo ndiyo wataalamu huiita mimea vamizi.

Kama mfano haujaeleweka, mfikirie kunguru. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja ili asaidie kusafisha mji kwa kula takataka. Nia ilikuwa njema. Leo kila mwenye vifaranga anajua habari yake: anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anapokonya samaki, na amekwisha kuvuka hadi bara. Kumwingiza ilikuwa kazi ya siku moja. Kumtoa kumewashinda watu kwa zaidi ya miaka mia. Mmea vamizi ni kunguru asiye na mbawa.

LANTANA: MAUA MAZURI, TABIA MBAYA

Miongoni mwa vichaka vya mapambo, kinachoongoza kwa uvamizi katika nchi za joto ni lantana, kwa jina la kitaalamu Lantana camara. Bila shaka umekiona. Ni kichaka cha kimo cha mtu au zaidi, chenye majani yaliyoparara kama msasa na yenye harufu kali ukiyafikicha. Shina lina miiba midogo iliyopinda. Maua yake ni madogo, yamekusanyika kama kishada, na katika kishada kimoja unaweza kuona rangi ya manjano, ya chungwa, nyekundu au ya waridi. Matunda ni vijitunda vya duara, kijani yakiwa mabichi, meusi yenye kung'aa yakiiva.

Asili yake ni Amerika ya joto. Wazungu waliipeleka Ulaya katika karne ya 17, wakaizalisha kwenye bustani zao, na kutoka huko ikasambazwa Asia, Australia na Afrika kama ua la fahari. Leo Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi (IUCN) umeiweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani.

Inaeneaje? Ndege, kama vile shore, hupenda vijitunda vyake vyeusi. Hula uani kwako, huruka, na huangusha mbegu pamoja na kinyesi mahali pengine. Kwa hiyo mwenye ua anaweza kusema kweli kabisa, "Mimi sikupanda kitu msituni," na bado kichaka cha msituni kikawa mtoto wa kichaka chake. Tena tawi bichi likitupwa kwenye udongo wenye unyevu huweza kuota mizizi. Ukiikata huchipua, na moto ukipita huchipua pia.

Isitoshe, majani na mizizi yake hutoa kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine zisiote vizuri chini yake. Ndiyo maana ukitazama chini ya kichaka kikubwa cha lantana mara nyingi hukuti miche ya miti mingine. Inajitengenezea nafasi kwa kuwanyima jirani.

NINI HUTOKEA KATIKA MISITU YETU

Unguja ina ardhi za namna mbili. Upande wa magharibi na kaskazini kuna udongo mzito wa mikarafuu na minazi. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, ambako vichaka na miti midogo imejishika kwenye nyufa za mawe. Mgeni akipita huko huona pori tu. Mwenyeji wa Jambiani, Charawe au Ukongoroni anajua kuwa humo ndimo zinamotoka kuni, fito za kujengea, asali na dawa za miti shamba.

Desturi ya maweni ni kukata kichaka, kulima misimu michache, kisha kuliacha konde lipumzike ili pori lirudi. Hapo ndipo mvamizi anapopata mlango. Ardhi iliyofunguliwa, yenye jua tele, ndiyo lantana inayoipenda. Ikitangulia, pori la asili huchelewa kurudi, na akina mama waendao kukata kuni hukuta ukuta wa miiba badala ya miti. Mikwaruzo ya miiba hiyo nayo si ya kupuuzwa: jeraha lolote la porini lisafishwe kwa maji na sabuni, na mtu ahakikishe amepata chanjo ya pepopunda.

Msitu mkubwa wa asili uliobaki kwetu ni Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo wanaishi kima punju, ambao kwa asili hawapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Unguja. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800. Humo pia yumo paa nunga, mnyama adimu sana. Wanyama hawa wanategemea majani na matunda ya miti ya asili. Miche ya miti hiyo ikikosa nafasi leo, wajukuu zetu watakuta msitu wa wazee watupu, usio na vijana wa kuurithi.

Hapa nikupe kisa cha kweli kinachonifurahisha mimi kama muuguzi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwachunguza kima punju wanaoishi kwenye mashamba yanayopakana na Jozani. Huko kima hula majani ya miembe na mikungu, miti iliyoletwa na watu kwa matunda na kivuli. Majani hayo yana lishe nzuri, lakini pia yana kemikali zinazosumbua tumbo. Kima wakaonekana wakiokota makaa kwenye matanuri ya zamani na kuyatafuna. Watafiti walipopima makaa yale waliona yana uwezo wa kunyonya kemikali hizo. Hospitalini nasi hutumia makaa maalumu yaliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyohiyo, kwa baadhi ya wagonjwa waliokula sumu. Hivyo kima wetu wanatuonyesha kwamba mmea tulioupanda sisi hubadilisha chakula, na hata tiba, ya kiumbe wa jirani. (Tafadhali, makaa ya jikoni usimpe mtoto. Nitaeleza mbele cha kufanya.)

Tusidhani jambo hili ni la Unguja peke yake. Kule Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902, wakapanda mamia ya aina kutoka duniani kote. Baadhi zilitoka bustanini na kuingia msituni. Mojawapo ya vichaka vilivyoenea humo ni Clidemia hirta kutoka Amerika, ambacho nacho kimo katika orodha ileile ya viumbe 100.

Na kwa sisi tuliozoea kufungua bomba mjini, tukumbuke msitu wa Masingini. Msitu ule hulinda vyanzo vya maji yanayotumika mjini. Muuguzi anajua kuwa maji safi yakipungua, kuhara huongezeka. Ndiyo maana nilisema msitu na wodi si mbali sana.

KICHAKA NA MARADHI

Je, kichaka vamizi chaweza kuleta maradhi? Tuchukue mambo matatu.

Kwanza, mifugo. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mnyama aliyekula kiasi kikubwa huacha kula, hufunga choo, macho na ufizi huwa manjano, na ngozi yake, hasa sehemu nyeupe na pua, huungua na kuchubuka akikaa juani. Wengi hufa. Mnyama mwenyeji huiepuka, lakini wakati wa kiangazi majani mengine yakikosekana, au mnyama mgeni akiletwa, hatari huongezeka. Kwa familia inayotegemea maziwa ya ng'ombe mmoja, kifo hicho ni utapiamlo wa mtoto.

Pili, wadudu. Katika wilaya za Busoga, Uganda, ugonjwa wa malale ulilipuka kuanzia mwaka 1976. Wakati ule uchumi ulikuwa umevurugika chini ya utawala wa Idi Amin, na mashamba mengi ya kahawa na pamba yaliachwa bila kulimwa. Lantana na magugu mengine yakayafunika, na mbung'o wakapata kivuli na unyevu karibu kabisa na nyumba za watu. Maelfu waliugua. Hapa Unguja tulikuwa na mbung'o wa aina nyingine, aliyekaa kwenye misitu na vichaka na kuwaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana. Kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o madume waliofanywa tasa walizalishwa Tanga na kumwagwa kisiwani kwa ndege kuanzia mwaka 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mdudu huyo. Ushindi huo ni wa kuutunza.

Tatu, mbu. Hapa yapasa kusema kweli yote, hata ile isiyonisaidia. Utafiti uliofanywa mkoani Kagera na kuchapishwa mwaka 2011 uliona kuwa nyumba zilizozungushiwa lantana ziliingiwa na mbu wachache wa malaria, pungufu kwa zaidi ya nusu. Harufu yake huwafukuza. Kwa hiyo mzee anayesema "kichaka hiki kinazuia mbu" hasemi uongo. Lakini mbu, dume na jike, huishi pia kwa kunywa utamu wa maua. Nchini Mali watafiti walipokata matawi yenye maua ya mrashia, yaani ule mti vamizi wa miiba ambao Wakenya huuita mathenge, mbu wa malaria katika vijiji hivyo walipungua sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa hiyo kichaka kimoja chaweza kuzuia na kingine kikalisha. Zaidi ya hayo, kichaka kisichoingilika hugeuka jalala: vifuu, makopo na matairi yaliyojificha humo hushika maji ya mvua, na mbu wa homa ya dengi huzaliana humo. Panya na nyoka nao hupenda hapohapo.

Malaria imepungua sana Zanzibar kwa sababu ya vyandarua vyenye dawa, upuliziaji wa majumba, vipimo vya haraka na tiba sahihi. Kichaka hakiwezi kuchukua nafasi ya hayo.

MIMEA YA UANI YENYE SUMU

Sasa turudi kwa wale watoto watatu. Nitaje mimea michache ya mapambo na ya ua ambayo kila mzazi aijue kwa sura:

1. Lantana. Mtoto asile vijitunda, hasa vile vya kijani. Mwaka 1964 madaktari wa Tampa, Marekani, waliandika juu ya watoto walioumwa baada ya kula vijitunda vibichi, na mmoja alifariki. Uchunguzi wa baadaye, uliohusu watoto wengi zaidi, uliona kuwa wengi hawakupata madhara makubwa. Hivyo usipatwe na hofu kupita kiasi, lakini mpeleke mtoto akatazamwe.

2. Mbono, ambao wengine huuita mbono kaburi. Mbegu zake zina ladha tamu, ndiyo sababu watoto huzifananisha na karanga. Huleta kuungua koo, kutapika na kuharisha sana. Hatari kubwa ni mwili kukauka maji.

3. Mbarika, au mnyonyo. Mbegu zake zenye madoadoa ni sumu kali zikitafunwa. Dalili huweza kuchelewa saa nyingi, kwa hiyo usingoje mpaka mtoto aanze kuumwa.

4. Oleanda, yenye majani marefu membamba na maua ya waridi au meupe, na ndugu yake mwenye maua ya manjano kama kengele (Thevetia). Hupandwa sana kwenye bustani na kando ya barabara. Kila sehemu yake ni sumu ya moyo: mapigo huenda polepole au kwa kurukaruka, mgonjwa hutapika na kuishiwa nguvu. Vijiti vyake visitumiwe kuchomea mishikaki wala kuchochea moto wa chakula.

5. Mnanaha, wenye maua marefu kama tarumbeta. Aliyeula hukauka mdomo, uso huwa mwekundu na wa moto, mboni za macho hupanuka, naye huweweseka na kuona visivyokuwepo. Ndugu wa mgonjwa wakati mwingine hudhani amepandwa na shetani, na mgonjwa huchelewa kufikishwa hospitali.

6. Mnyaa. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vikali na waweza kuharibu uoni. Anayekata ua wa mnyaa avae miwani au ageuze uso, na asijifute macho kwa mkono.

Neno moja juu ya dawa za asili. Wazee wetu wanajua mengi na sisi wauguzi hatuwadharau. Lakini majani ya lantana, mbono au mnanaha kuyachemsha na kumnywesha mtoto mdogo au mama mjamzito ni hatari, kwa sababu kipimo hakijulikani na ini la mtoto ni dogo. Ukiwa umekwisha kumpa, usione haya kutuambia. Hatutakugombeza, tunataka tujue cha kutibu.

HUDUMA YA KWANZA

Mtoto akila mmea usioujua:

– Mtoe mabaki mdomoni kwa kidole, kisha asukutue kwa maji kama anaweza.

– Usimlazimishe kutapika. Usimpe maji ya chumvi, mafuta wala maziwa. Akitapika mwenyewe, mlaze ubavu ili asipaliwe.

– Usimpe makaa ya jikoni. Yale ya hospitali ni mengine, na hutolewa na mtaalamu kwa anayefaa.

– Chukua tawi la mmea lenye majani, na tunda au ua kama lipo, uje nalo. Kama lina miiba au utomvu, lifunge kwenye mfuko. Hili ndilo lile bibi alilotufundisha kwa pindo la kanga yake.

– Kumbuka saa aliyokula na kiasi unachokadiria. Tazama pia kama wenzake waliokuwa wakicheza naye wamekula.

– Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama bado anacheka. Akiwa anaharisha na yu macho, mpe maji yenye paketi ya ORS kidogo kidogo njiani. Akiwa amelegea au amepoteza fahamu, usimpe kitu chochote mdomoni.

– Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha uje hospitali. Ukiwa kwenye ngozi, osha kwa maji na sabuni.

TUFANYE NINI?

Sisemi kila mtu akimbilie panga leo. Ua wa mbono uliozunguka nyumba ya mjane, ukikatwa wote kwa siku moja, humwacha bila stara na bila kinga ya mbuzi. Fanya kwa mpango.

Kwanza zunguka nyumba yako pamoja na watoto. Waonyeshe kila mmea na uwafundishe kanuni moja: hakuna kula kitu cha uani bila kumwuliza mtu mzima. Walimu wa skuli wanaweza kufanya hivyo kwenye viwanja vyao. Mtoto wa miaka miwili hafundishiki, kwa hiyo penye mtoto wa umri huo mmea wenye sumu kali uondolewe au uzungushiwe.

Pili, lantana iondolewe kabla haijazaa vijitunda. Vaa viatu, mikono mirefu na glavu au kitambaa kizito. Ing'oe na shina lake la chini baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Kwenye maweni, ambako mizizi imeshika mawe, ikate chini kabisa na urudie kila inapochipua mpaka ichoke. Usitegemee moto. Matawi yaache yakauke kabisa juu ya mawe au sakafu, mbali na mifugo, wala usiyatupe ukingoni mwa msitu.

Tatu, pale ulipong'oa usipaache wazi. Panda kitu kingine, ama sivyo mvamizi atarudi. Mhina hufanya ua mzuri na bibi harusi hukushukuru. Mkilua ni mti wa asili wa mwambao wetu, na maua yake hunukia kupita mengi yaliyotoka ng'ambo. Mrehani na mwasmini hupendeza karibu na dirisha. Miche ya miti ya asili iulizie kwa maofisa wa misitu.

Nne, wenye hoteli na watunza bustani, kabla ya kuagiza mche mgeni, waulize swali moja: mmea huu umefanya nini katika nchi nyingine za joto? Kama huko umekuwa kero, hautakuwa na adabu hapa. Nanyi mnaokaa karibu na Jozani, Kiwengwa na Masingini, ua wenu ndio mlango wa msitu.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Kichaka kimoja uani hung'olewa na mtu mmoja kwa asubuhi moja. Kikishaingia maweni na Jozani, kijiji kizima hakitakimaliza kwa miaka. Na mtoto akishameza mbegu, mwendo wa kutoka shamba hadi hospitali huwa mrefu mno.

Wale watoto watatu sasa ni watu wazima. Ua wa nyumba yao siku hizi ni wa mhina. Bibi aliung'oa mbono kwa mkono wake, kipande kwa kipande, na ilimchukua mwaka mzima.

Nawatakieni afya njema. Tuonane mwezi ujao.